Kumlilia Sangara

Siku hizi ukipita kwenye mialo ya Ziwa Victoria, iwe Ukerewe, Sengerema au Igombe, utawasikia wavuvi wakimzungumzia sangara kama watu wanavyomzungumzia marehemu aliyekuwa na mali. Alikuwa mkubwa. Alilisha ukoo. Aliezeka nyumba kwa bati, akalipa ada za shule, akatoa mahari. Mzee akitaka kuonyesha urefu wake, mikono haimtoshi. Humsimamisha kijana mmoja hapa, mwingine akamwambia arudi nyuma hatua mbili. Wala hatii chumvi. Sangara aliyekomaa hufika karibu mita mbili, na wamewahi kuvuliwa wanaokaribia kilo 200. Vijana wanaosimamishwa hutabasamu kwa adabu tu, maana sangara wanaowajua wao huenea kwenye ndoo, kichwa na mkia.

Mimi nami humlilia. Nilikula, nikavaa na kusoma kwa fedha zake, kama watoto wengi wa Mwanza wa rika langu, na hadi leo familia yetu ina mtumbwi ziwani. Simsemi kama mtu aliye mbali. Ila kila nikianza kumlilia nakumbuka kwamba marehemu wangu aliingia ziwa hili akiwa mgeni, na wenyeji aliowakuta walikwisha bila hata matanga.

Kwao sangara ni mto Nile. Ni Ziwa Albert na Turkana, ni Chad, ni mito mikubwa ya Afrika Magharibi. Huko hana ubaya wowote. Amekaa na samaki wenzake muda mrefu kiasi kwamba kila mmoja amejua njia ya kumkwepa. Wamisri wa kale walimtukuza: mji wa Esna, ambao Wagiriki waliuita Latopolis kwa jina la samaki huyu, ulikuwa na makaburi ya sangara waliokaushwa na kuvikwa sanda kwa ajili ya mungu wa kike Neith. Nilipojua habari hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Kumbe yupo samaki aliyewahi kuzikwa kwa heshima, na ni huyu huyu.

Upande wetu hakuweza kufika mwenyewe. Maporomoko ya Murchison, kule Uganda, yalimfungia njia tangu zamani. Kilichomvusha ni binadamu na chombo cha maji. Miaka ya 1950 alianza kuletwa kwa siri, na mwaka 1962 na 1963 akaletwa waziwazi kwa idhini ya wakubwa. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilionekana za busara. Maofisa wa uvuvi wa kikoloni waliliona ziwa limejaa visamaki vidogo vyenye miiba, wakavihesabu kuwa takataka. Wakawaza kwamba mlaji mkubwa atavigeuza kuwa nyama inayouzika. Na jioni, Mzungu aliyechoka na kazi za ofisi angepata samaki wa kuvutana naye kwenye mshipi. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alichapisha onyo, akieleza kwamba mlaji wa namna hiyo katika ziwa lisilomzoea ni hatari isiyorudishika. Alikuwa anawaonya watu wasifungue mlango, na mgeni yuko ndani tayari.

Sasa hizo takataka zilikuwa nini? Kwetu sote waliitwa furu, Wajaluo wakasema fulu. Walikuwa samaki wa urefu wa kidole hadi wa kiganja, waliokaushwa juani juu ya miamba, wakaliwa kwa ugali nyumbani ambako hapakuwa na fedha ya kitu kingine. Mtoto yeyote aliweza kuwavua kwa uzi na mnyoo. Lakini waliokaa kuwatazama kwa makini waliona mambo ya ajabu. Ndani ya jina hilo moja kulikuwa na zaidi ya aina 500. Kulikuwa na furu wa kukwangua mwani kwenye mawe. Kulikuwa na furu wa kuvunja konokono kwa meno ya kooni. Wengine walikula uduvi, wengine magamba ya samaki wenzao, na wengine, nao ndio walionishangaza kuliko wote, waliishi kwa kumvizia mama aliyebeba watoto mdomoni na kumnyang'anya watoto hao. Maana furu hulea hivyo: jike huyaweka mayai yake mdomoni, akayatunza humo mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo vitoto hukimbilia humo humo vikiona hatari. Uzazi wa namna hiyo hutoa wachache. Sangara jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, akayaacha majini akaenda zake.

Wanajiolojia waliochimba tope la chini ya ziwa wanasema ziwa lenyewe lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena. Kama ni hivyo, sehemu kubwa ya ukoo huo wa furu ilichanua katika muda ambao kwa hesabu za maumbile ni kama jana. Hakuna mahali pengi duniani palipotokea jambo kama hilo. Na sisi, kabla hata sangara hajawashambulia vilivyo, tulikuwa na kiwanda Mwanza, kilichoanza mwaka 1976, cha kuwasaga furu wawe chakula cha kuku. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi kumtupia sangara kila kitu, na kwa sababu dharau ilimtangulia.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliweka kambi Ghuba ya Mwanza ili wawasome furu. Frans Witte alikuwa miongoni mwao, na baadaye Tijs Goldschmidt, ambaye kitabu chake juu ya miaka hiyo kilitoka kwa Kidachi mwaka 1994. Walikuja kuandika kitabu cha uzao wakaishia kuandika tanzia. Mwanzoni juya lao lilipanda limejaa furu, wa kila umbo, wengi wao hawajawahi kuandikwa popote. Ilipofika mwaka 1986 na 1987, juya lile lile, katika ghuba ile ile, lilipanda na sangara na uduvi. Furu wa sehemu ya kati ya ghuba walikuwa karibu wameisha. Makadirio yanayotajwa kwa ziwa zima ni aina zipatazo 200 zilizotoweka, na nyingi zilikwenda ndani ya kipindi cha muongo mmoja tu.

Kinachonikaa moyoni ni majina. Kasi ya kifo ilipita kasi ya kalamu. Watafiti walilazimika kuwaita kwa majina ya utani ya hapo hapo kwenye mashua, wakitarajia kuwapa majina rasmi siku nyingine. Siku hiyo ilifika kwa kuchelewa. Furu aitwaye leo Haplochromis vonlinnei alipata jina mwaka 2008, kutokana na miili iliyohifadhiwa ndani ya mitungi kule Leiden, wakati ziwani alikuwa hajaonekana tangu miaka ya 1980. Alipewa cheti cha kuzaliwa na cha kifo kwa pamoja. Nadhani ndiyo maana ni vigumu kuwalilia. Msiba unahitaji mtu wa kutajwa. Ukisema tu kwamba wamekufa mia mbili, msikilizaji ataitikia pole, kisha atauliza bei ya dagaa.

Wapo waliopotea bila kuliwa. Kwenye visiwa vya mawe vya upande wa Mwanza huishi furu wawili wa karibu sana. Mmoja ana rangi ya buluu ya kijivu na mistari, akaitwa Pundamilia pundamilia. Wa pili dume lake lina mgongo mwekundu wa kuwaka, naye akapewa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Kwa mwili wanaweza kuzaa pamoja. Kinachowatenga ni macho tu. Jike wa buluu humtafuta wa buluu, jike wa wekundu humtafuta mwekundu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa na ukungu wa tope na mwani, macho hayo hushindwa kazi; rangi zinafifia, jike anachagua yeyote, na vizazi vinavyofuata vinakuwa vya kati, si huyu wala si yule. Penye maji safi, kama kisiwa cha Makobe, wawili hao wangali wawili. Penye maji machafu wamekuwa mmoja. Hapo sangara hahusiki. Hayo ni maji ya mashamba yetu yaliyomomonyoka, ya miji yetu isiyo na mabomba ya taka, ya misitu iliyokatwa. Ingawa hata kwenye misitu ana mkono wake: furu alikaushwa na jua bure, lakini sangara ana mafuta mengi, jua haliwezi, akahitaji kubanikwa kwa moshi, na moshi ukahitaji kuni.

Mafuta hayo ndiyo yaliyowafanya wazee wamkatae mwanzoni. Walisema anatia kichefuchefu, hana ladha, ni nyama ya mnyama iliyojificha ndani ya maji. Kilichowabadilisha ni njaa kwanza, kisha fedha. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilipangana kandokando ya ziwa, Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja, Entebbe, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa vilibaki vikaitwa mapanki, na Kenya, ambako samaki mwenyewe ni mbuta, wakaita mgongo wazi. Wa kutiwa chumvi, kayabo, alivushwa hadi Congo. Bondo, yaani kibofu chake cha hewa, lilikaushwa likauzwa mashariki ya mbali, na siku hizi bondo zuri lina thamani kwa kilo kupita nyama yote iliyolizunguka. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliionyesha dunia mapanki hayo, funza wakitambaa juu yake, na Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Mimi iliniudhi pia, kwa sababu nyingine. Ilitutazama kama watu waliotendewa tu. Haikumwona mama wa Igoma aliyekaanga vichwa vya sangara barabarani na kununua kiwanja.

Kuna miaka miwili ambayo sangara alikosa wanunuzi bila kosa lake. Mwaka 1994 maiti za waliouawa Rwanda zilishuka na mto Kagera mpaka ziwani, na watu wa pande zote wakaogopa samaki. Kisha, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakazama. Nyumbani kwetu samaki hawakupikwa kwa muda mrefu. Mama hakutoa sababu, wala hakuna aliyemwuliza. Sangara huwinda walio hai, hilo kila mvuvi analijua, lakini haikuwa hoja ya kuzungumza mezani. Tulikula maharage. Nikilitazama leo, naona kwamba kukataa kumla ndiyo ilikuwa njia ya kuomboleza wale waliobaki chini. Ziwa lilikuwa limekuwa kaburi la watu tunaowajua, na kaburini hapaliwi. Baadaye, siku moja tu, sangara akarudi sufuriani, na hakuna aliyetangaza kwamba tanga limeanuliwa.

Ukerewe kuna mzee ninayemwita babu ingawa hatuna udugu wa damu. Alivua tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukakaa chini ya mwembe wake, nikamweleza kwamba nataka kuandika juu ya kuisha kwa sangara.

"Ninyi watoto mnamlilia sangara," alisema. "Sisi tulimlilia ngege."

Ngege, nimweleze asiyemjua, ni perege wa asili wa ziwa hili, mtamu, aliyekuwa mfalme wa mezani kabla ya sato kuletwa. Nyavu za makila za kizungu ziliingia mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alipokuja kupima uvuvi wa ziwa zima alikuta ngege ameanza kupungua, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ningu, aliyekuwa akipanda mito wakati wa masika kwenda kutaga, alikingiwa nyavu midomoni mwa mito hiyo mpaka akawa nadra. Katika yote haya sangara hajatia mguu. Leo mtu akitaka kumwona ngege halisi aende kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, ambako mafunjo ya kinamasi cha Yala yalimfungia sangara mlango.

Basi nikamwuliza babu: na furu je, mlimlilia?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama aliwahi kuwalilia kumbikumbi. "Furu alikuwa chakula cha watoto, mjukuu wangu. Nani anakililia chakula cha watoto?"

Sikumjibu, na bado sina jibu. Naona tu kwamba kila kizazi mwambao huu kina samaki wake, yule kilichomkuta tele kikiwa kidogo, na upotevu wote hupimwa kuanzia yeye. Kwa babu dunia ilianza kuharibika na ngege. Mimi, nisipojichunga, naanzia na sangara, na hivyo namfanya mharibifu kuwa ndiye uzima uliopotea. Mpwa wangu atakuja kumlilia dagaa, na mimi nitamwambia maneno yale yale niliyoambiwa chini ya mwembe.

Kupungua kwa sangara si kwa siri. Sheria za uvuvi ziliweka kipimo: asivuliwe aliye chini ya sentimita 50, kwa kuwa bado hajazaa, wala aliye juu ya 85, kwa kuwa hao wakubwa ndio mama wa ziwa. Ilikuwa sheria nzuri, na ni adimu kuona sheria inayomlinda mkubwa kwa ukubwa wake. Lakini bondo la mkubwa ndilo lenye bei. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu na kutoza faini mwambao mzima, na waliochomewa hawajasahau. Wale wakubwa wa hadithi za mwaloni utawapata kwa urahisi zaidi karibu na Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huko mgeni hulipa kibali, akatupa mshipi, akapigana na sangara mpaka jasho limtoke, akapiga naye picha, akamrudisha majini. Hilo pia ni nusu ya ndoto ya yule ofisa wa kikoloni, imetimia kwa watu wengine. Nimewahi kusikia wavuvi wakimcheka mgeni huyo anayelipa ili asile. Mimi simcheki sana. Miongoni mwetu sote ndiye anayemwacha akiwa mzima.

Jambo ambalo watafiti hawakulitarajia ni kwamba sangara alipopungua, kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walionekana tena. Si wote, wala si wengi kwa aina, lakini wapo kwa wingi wa idadi. Mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alipimwa na kulinganishwa na mababu zake walio kwenye mitungi. Mashavu yake yalikuwa yamepata eneo kubwa zaidi la kuvutia hewa, kwa kuwa maji ya sasa yana oksijeni kidogo. Chakula kimebadilika, na umbo la mwili limefuata. Yote ndani ya miaka ipatayo 20. Wataalamu walifurahi, na ni haki yao. Nami nilifurahi, lakini kwa kusitasita, kama unapompokea mtu aliyepotea vitani muda mrefu, anaitikia jina lake, na uso si ule.

Furu hao waliorudi hupata soko siku hizi, ingawa si la mezani pekee. Huwa chambo. Hutungwa kwenye ndoano za kamba ndefu na kushushwa usiku, ili wamvute sangara aliyebaki.

Wapo wanaoniuliza, hasa watu wa mjini, kwa nini tusimvue sangara mpaka aishe, ziwa lirudi lilivyokuwa. Ni swali la mtu anayedhani waliokufa wamejificha nyuma ya muuaji, na akiondoka watatoka. Hawapo. Maji waliyoishi hayapo, mwani ni mwingine, mwanga wa chini ni mwingine. Akiondoka yeye patabaki ziwa la tatu, ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na pembeni yake mamilioni ya watu wa nchi tatu wasio na kitoweo wala kazi. Kwa hiyo nataka abaki, na nataka awe mkubwa tena, huku nikijua alichokula ili awe mkubwa. Na kuna ukweli mwingine wa nyumbani: muhula mpya unakaribia, mpwa wangu anadaiwa ada, na mwenye kuilipa bado ni sangara.